Kifo cha Herufi P

Nianze na aibu ili isinisumbue njiani. Aliyenichoma upanga tumboni ni bibi wa miaka 63, mfamasia mstaafu, kimo chake kinaishia kwapani kwangu, na wakati ananichoma alikuwa haoni kitu, kwa sababu kichwa chake chote kilikuwa kimefunikwa gubigubi kwa kanga. Kanga haikuwa yake. Yangu pia haikuwa. Ilikuwa ya mke wangu, na kabla ya mke wangu ilikuwa ya mama mkwe, aliyeitoa sandukuni kwa mkono wake siku tunaondoka Tanga. Sasa nisikilizeni polepole.

Tunaishi Padova, kaskazini mwa Italia. Mwenye safari ni mke wangu, kaja kusoma shahada ya uzamivu. Mimi nilikuja kama begi lake la tatu. Mchana yeye yuko chuoni, usiku mimi niko ghalani napanga maboksi. Mwaka wa kwanza mzima nilijua maneno matatu tu ya Kitaliano: buongiorno, scatola na basta. Habari za asubuhi, boksi, inatosha. Kwa maneno hayo unaweza kuishi, lakini huwezi kugombana na mtu, na asiyeweza kugombana kwa lugha ya watu bado ni mgeni.

Mwenzangu mmoja wa ghalani akanishauri: jiunge na klabu, klabu yoyote ile, lugha itaingia yenyewe. Nikajua ni mpira, nikabeba na njumu kabisa. Jumanne jioni akanifikisha kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule moja, nikakuta watu kumi na wawili waliovaa kofia za wavu wa chuma na makoti mazito kama magodoro, wanachomana kwa adabu ya hali ya juu. Mtu anachomwa kifuani, anainua upanga, anashukuru, wanaanza upya. Nikasema hapa nimefika. Watu wanaoshukuru wakichomwa hawatashindwa kuivumilia sarufi yangu.

Upanga wenyewe unaitwa rapia, ingawa Wataliano wao husema tu spada na yameisha. Usifikirie panga. (Mama yangu alifikiria panga. Nilipomwambia kwenye simu kwamba najifunza upanga aliuliza, "Kwani huko nako mnafyeka?") Rapia ni nyembamba, chuma chake peke yake kinapita mita moja, na kwenye mpini kuna vyuma vilivyosokotwa kuzunguka vidole kama tenga la kubebea kuku. Uzito wake ni kilo moja na kidogo. Dakika ya kwanza kilo moja si kitu. Dakika ya kumi, mkono umenyooshwa mbele, ni gunia la mkaa. Zile za mazoezi hazina makali, na ncha imepigwa bapa kama kichwa cha msumari kisha ikavalishwa kipira. Kikumbukeni hicho kipira.

Klabu yetu haifundishi mambo ya kubuni, inafundisha kitabu. Mwenye kitabu ni Salvator Fabris, mtoto wa hapa hapa Padova, aliyezaliwa mwaka 1544, akazunguka na upanga wake mpaka Denmark kwa Mfalme Christian IV, na mwaka 1606 kitabu chake kikachapishwa Copenhagen. Miaka hiyo hiyo Galileo alikuwa akifundisha hesabu katika chuo anachosoma mke wangu. Kwa hiyo huu ni mji wa watu wa nyota: mmoja alizitazama, mwingine alikuonyesha.

Fabris anataka uiname. Sisemi kuinama kidogo kwa heshima, la. Kiuno kibaki nyuma, kifua kiende mbele, uso ujifiche nyuma ya mpini, kama mtu anayechungulia mvunguni akitafuta kandambili. Akili yake naielewa: ukiinama hivyo, mwili unakuwa shabaha ndogo tena iko mbali, na kinachomfikia adui kwanza ni chuma. Lakini Fabris hakuwa amepanga maboksi usiku kucha. Wiki ya kwanza nililala chali sakafuni siku tatu, mke wangu ananiruka akipita kwenda jikoni.

Na kuna jambo la michoro. Wapiganaji wa kwenye kitabu hicho wamechorwa karibu uchi wa mnyama. Kocha anasema ni ili msomaji aone mguu umekaaje, bega limegeuka vipi, msuli upi umevutwa. Sawa. Tatizo ni kwamba niliiacha michoro hiyo wazi kwenye simu, simu nikaiacha mezani, nikaenda kuoga. Nilipotoka mke wangu alikuwa ameishika kwa vidole viwili kama ameokota mjusi.

"Huku ndiko unakokwenda kila Jumanne?"

"Ni kitabu cha mwaka 1606."

"Ala. Kwa hiyo uchi wenyewe ni wa zamani."

Jumanne iliyofuata alikuja kuhakikisha. Akamkuta mwenzangu wa mazoezi, bibi wa watu, miwani imefungwa kamba shingoni, anakunywa maji kwa kikombe alichokuja nacho kutoka nyumbani. Wakasalimiana, wakacheka, wakabadilishana namba. Wakati anaondoka, mke wangu alimwambia kwa Kitaliano kizuri kuliko changu: "Akikusumbua, mchome."

Kocha alitupanga pamoja kwa sababu wote tulikuwa hatuna mwenzi. Watu walimkwepa huyu bibi, na mimi sikujua kwa nini. Nilijua baada ya dakika nne.

Lakini kikwazo changu cha kwanza hakikuwa upanga, kilikuwa malezi. Mimi ni mtu wa Tanga. Mtu mwenye umri wa mama yangu namwamkia, namwachia kiti, nambebea kikapu. Jina lake silitamki, kwa hiyo nikawa namwita mama. Kwa Kitaliano ni mamma, na siku ya kwanza alinitazama kwa wasiwasi, akaniuliza kama nina hakika hatujuani kabla. Nikamweleza desturi yetu, ikampendeza. Haikumzuia kunichoma mara kumi na nne jioni ile. Mimi nilimgusa mara moja, begani, kwa bahati mbaya, nikaangusha upanga na kumwomba radhi.

Nguvu zangu hazikunisaidia chochote. Upanga una sehemu mbili: karibu na mkono ni forte, yenye nguvu, huko nchani ni debole, dhaifu. Ukiweka forte yako juu ya debole ya mwenzio umekwisha kumkamata, hata akiwa na kifua cha kuli wa bandarini. Ni kama mlango: anayeushika kwenye bawaba hamwezi mtoto anayeusukuma ukingoni. Mimi ninayeinua maboksi ya kilo thelathini nilikuwa nahamishwa upanga na kifundo cha mkono kilichozoea kuhesabu vidonge. Anausogeza kando taratibu, bila kelele, kama mtu anayefungua pazia, halafu anaingia.

Kisha kuna tempo. Hiyo ndiyo roho ya mchezo wote. Usimwendee mtu aliyetulia. Subiri afanye kitu chochote, ahamishe mguu, ageuze mkono, ainue kidevu, na hapo hapo mwingie, kwa kuwa mtu hawezi kutenda jambo na kujikinga kwa pumzi moja. Mke wangu anaijua tempo bila kumsoma Fabris. Swali la "kodi ya nyumba umelipa?" huja nikiwa na mkate mdomoni.

Miezi kadhaa bibi alinichambua kama mchele, mwisho akanipa majibu ya uchunguzi wake. Alikuwa amevua kofia, anafuta miwani.

"Wewe unaomba radhi kabla hujachoma. Bega linashuka, kichwa kinainama, mdomo unafunguka. Hiyo scusi yako ni tempo. Naisubiri hiyo tu."

"Ni heshima, mama."

"Ndiyo. Naisubiri hiyo heshima."

Sikujua nifanye nini na taarifa hiyo. Ungeweza kuniambia niache kupumua ingekuwa nafuu.

Basi, ikaja Juni, kocha akaanza somo la joho. Wanaume wa enzi hizo walitembea na joho begani, na ugomvi wa barabarani haukusubiri mtu arudi nyumbani kuchukua ngao, kwa hiyo joho likawa ngao. Unalizungusha mara moja au mbili kwenye mkono wa kushoto, nusu nyingine unaiachia ining'inie, unapangusia upanga wa adui. Mtaliano mwingine, Giacomo di Grassi, aliandika mwaka 1570 jambo ambalo kocha alitukaririsha: nguo inazuia upanga pale inaponing'inia hewani tu. Ikishakuwa na mkono au mguu nyuma yake, hiyo si ngao tena, ni nguo, na wewe umevaa. Kocha akaongeza lake: usilikanyage. Na kuna ujanja mmoja wa mwisho, wa kulirusha joho zima juu ya upanga wa mwenzio au usoni kwake, kisha umalize kazi wakati anahangaika.

Niliposikia "kurusha" masikio yalisimama. Babu yangu alikuwa mvuvi wa kimia. Nimerusha kimia kabla sijajua kusoma. Kwa mara ya kwanza tangu niingie kwenye ule ukumbi, Wataliano walikuwa wanazungumzia kitu cha kwetu.

Klabu ina majoho mawili, yote ya sufu, yananuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Ukumbi ukafungwa kwa likizo ya kiangazi, bibi akasema njoo tuendelee uani kwangu, kila mtu aje na nguo yake. Yeye ana pazia la zamani. Mimi nikafungua kabati.

Naomba hapa mnihukumu kwa haki. Blanketi lilikuwa zito. Shuka ni za mwenye nyumba. Taulo fupi. Halafu nikaiona, imekunjwa juu kabisa, nyekundu na nyeupe, pindo pana, katikati ya mji wake korosho kubwa moja, na chini yake maandishi: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nyepesi, pana, inashika upepo vizuri. Nikaikung'uta mara moja pale chumbani, ikafunguka kama kimia cha babu. Mke wangu alikuwa amekwenda na wenzake wa chuo kwenye kazi ya siku mbili nje ya mji. Doti ina kanga mbili, nikajiambia, moja inabaki kulinda nyumba.

Uani kwa bibi kuna mtini mmoja, vyungu vya rihani, na kuta za majirani pande tatu. Ilikuwa Julai, saa kumi jioni, joto la kukausha dagaa. Kwenye roshani ya ghorofa ya pili jirani yake, mzee mwenye fulana ya ndani, alikuwa anakula tikiti. Alipotuona tumevaa makofia hakushtuka hata kidogo, alivuta kiti karibu.

Nitaruka nusu saa ya kwanza, haina faida kwa mtu. Bibi alinichoma mkononi, kifuani, mkononi tena, na mara moja kwenye goti, akasema goti halikuwa kusudio lake. Pazia lake analitumia kama mhudumu wa hoteli anayepangusa meza. Mzee wa juu alikuwa anahesabu kwa mbegu za tikiti, anazipanga ukingoni.

Ndipo nikakumbuka kimia.

Nikarudi nyuma hatua moja. Nikaizongoa kanga mkononi taratibu, nikashika pembe kama nilivyofundishwa, nikageuza kiuno. Bibi akaona nimehama mguu, akaja, tempo yake hiyo. Nikaachia. Wallahi ilikuwa nzuri. Ilifunguka yote hewani, korosho ikapita juu kama mwezi, ikamshukia bibi kichwani, begani, mkononi, upanga na kila kitu. Akasimama pale uani kama maiti wa kuigiza. Mzee wa juu akaacha kutafuna.

Nilikuwa na muda wote duniani. Upanga wangu ulikuwa huru, umenyooka, ncha iko nusu mita kutoka kifuani kwake. Miezi kumi na moja ya kuchomwa ilikuwa inalipwa siku moja. Nikainua mkono.

Na hapo nikamwona. Mama wa watu, miaka 63, kafunikwa kanga, amesimama kimya. Kwetu mwanamke mtu mzima aliyejifunika kanga kichwani ama anatoka msibani ama anakwenda. Na mimi nimeinua upanga. Bega likashuka, kichwa kikainama, mdomo ukafunguka wenyewe, tena si kwa Kitaliano.

"Samahani, mama."

Akachoma sauti.

Naomba niwaeleze kwa karibu, maana jambo lenyewe lilitokea kwa kasi ya kope. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekanyaga pindo, kosa lile lile tulilokatazwa, kwa hiyo kanga ilikuwa imevutika kama ngozi ya ngoma. Kipira cha ncha ya upanga wake kilikuwa kimekwama kwenye mkunjo na kuchomoka. Kichwa cha msumari kikapita katikati ya nguo, nikasikia chwaaa, kisha nikakipokea tumboni, chini kidogo ya mbavu, pale koti linapoishia kwa sababu koti ni la kuazima na mimi ni mrefu. Nikatoa sauti ambayo sijawahi kuitoa mbele ya watu. Nikarudi nyuma, kanga ikiwa bado chini ya mguu, nikakaa kwenye chungu cha rihani. Chungu kikapasuka. Harufu nzuri ikatanda ua mzima.

Juu kule mzee alisimama, akapiga makofi, akapanga mbegu moja ya mwisho.

Bibi alijivua kanga, akaja mbio, sasa ndiyo mfamasia. Akaninyanyua fulana, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akaniuliza kama napumua vizuri. Alama ilikuwa duara jekundu kama muhuri wa posta. Hakuna jeraha, akasema, ni chubuko tu, weka barafu. Alikuwa anatetemeka kidogo, na mimi ndiye niliyebaki kumpa pole, jambo ambalo baadaye nililitafakari sana.

Halafu tukaitandaza kanga mezani.

Tundu lilikuwa kama sarafu ya shilingi mia mbili. Kwenye kanga yenye eneo lote lile, pindo pande nne, mji mpana, korosho ambalo lingeweza kupokea tundu na watu wakadhani ni mchoro, upanga ulikwenda kwenye maandishi. Na kwenye maandishi ulichagua herufi moja. Ile P ya APONE ilikuwa imeondoka tumbo lake lote. Umebaki mguu wake mrefu peke yake, wima, kama nguzo ya umeme. Tumbo lake na tumbo langu zilikwenda kwa pigo moja. Na sentensi sasa ilisomeka hivi: MGENI NJOO MWENYEJI AIONE.

Nikacheka mpaka chubuko likaniuma. Kisha nikakumbuka kwamba mwenyeji wa kanga anarudi kesho saa sita mchana, na ataiona.

"Ni ya mke wako?" bibi akauliza.

"Ya mama yake."

Akajikanda paji la uso. Mambo ya mama mkwe hayahitaji tafsiri. Akaikunja, akasema niiache, ana nyuzi za kila rangi, kesho asubuhi nipite. Nikataka kumweleza herufi iliyokufa ni ipi, akanizuia kwa mkono ule ule anaozuilia upanga. Nenda kaweke barafu.

Usiku ule, maboksi nimeomba ruhusa, barafu tumboni, nilijisomea George Silver. Huyu ni Mwingereza aliyechapisha kitabu mwaka 1599 kuwalaumu Wataliano na rapia zao: ndefu mno, hazifai vitani, zinaua pande zote mbili. Kurasa na kurasa. Sijawahi kumpenda Mwingereza kama usiku ule.

Asubuhi nikapita. Kazi ya bibi ilikuwa ya kushangaza. Rangi ya uzi imelingana, kiraka kimefichwa, mishono midogo huioni mpaka uinamishe uso kama Fabris. Macho yake yalikuwa mekundu, ni dhahiri alikesha. Akanieleza kwa fahari jinsi alivyofikia jibu. Lugha haijui, lakini yeye ni mtu wa sayansi. Mguu mmoja wima umebaki, kwa hiyo herufi inaanza na mguu wima. Kisha akahesabu herufi zote za sentensi, akakuta konsonanti inayojirudia kuliko zote ni N. Na N huanza na mguu wima. Akaukamilisha.

MGENI NJOO MWENYEJI ANONE.

Nilisimama pale mlangoni na nikaona uso wa mtu aliyekesha. Ungesema nini wewe? Nilimwambia ni kamili, mama, asante sana. Akanipa na kikopo cha marhamu.

Mke wangu alirudi, mambo yakapita. Nilikuwa nimeirudisha kabatini maandishi yakiwa ndani. Siku nne sikusikia kitu, nikaanza kuamini kwamba nimesalimika. Jumapili ikafika, siku ya kupiga simu ya video nyumbani, na mke wangu, kwa kumfurahisha mama yake, akaenda kabatini akajifunga ile kanga. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi na sahani ya tambi mkononi. Tempo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, marahaba. Wazima? Mkwe hajambo?"

"Sijambo mama, shikamoo," nikasema huku nikijisogeza nje ya kioo.

Wakaongea mambo ya mvua, ya shangazi, ya bei ya mchele. Mke wangu akainuka kwenda kufunga dirisha, akaipa simu mgongo. Kule Tanga pakawa kimya.

"Mwanangu. Hebu simama hapo hapo. Usigeuke."

"Kuna nini mama?"

"Simama nisome." Nikamsikia anasoma kwa sauti, pole pole, kama anayefumbua barua ya mahakama. "Mgeni njoo... mwenyeji... anone." Kimya tena. "Anone?"

Mke wangu akajipindua kutazama makalio yake mwenyewe, akashika maandishi, akayaleta mbele. Nikaona macho yake yanasoma, yanarudi, yanasoma tena, yanapanda taratibu kutoka kwenye kanga mpaka kwenye sahani yangu ya tambi, na kutoka kwenye sahani mpaka kwenye tumbo langu, ambalo kwa kweli tangu tufike Italia limekuwa na maendeleo.

"Mama," akasema bila kuniondolea macho, "hebu subiri kidogo. Mkweo ana jambo la kutueleza."

Nikaeleza. Nilieleza yote, kuanzia joho la di Grassi mpaka kimia cha babu, nikasimama kuonyesha mrusho, nikafunua fulana kuonyesha chubuko, ambalo wakati huo lilikuwa limegeuka rangi ya zambarau. Mke wangu alikuwa amejiziba mdomo, mabega yanamtikisika, na nikaomba Mungu iwe ni kicheko. Mama mkwe hakucheka. Alisikiliza kama hakimu, kisha akauliza maswali yake.

"Huyo bibi ana umri gani?"

"63, mama."

"Na kanga ilikuwa imemfunika uso?"

"Uso wote, mama."

"Haoni kabisa."

"Kabisa, mama."

"Na wewe ulikuwa na upanga mkononi, unaona."

Nikatazama zulia. "Ndiyo, mama."

Akavuta pumzi. Akatengeneza mtandio wake. "Mimi nina miaka 59," akasema. "Mfikishie shikamoo yangu."

Jumanne nikaifikisha. Tulikuwa uani, chungu kipya cha rihani kimewekwa mbali kidogo na uwanja, nyuzi za kipira zimekazwa mara mbili, tumeshavaa makofia. Nikamweleza kwamba mama mkwe amemwamkia kwa salamu ya heshima, ile ya mdogo kwa mkubwa. Ikamgusa. Akashusha upanga kidogo, akauliza mtu akiamkiwa hivyo anatakiwa ajibu nini.

Nikainamisha kichwa, nikafungua mdomo nimtamkie vizuri. "Marahaba."

"Marahaba," akasema, na kipira kilikuwa tayari kifuani kwangu.